Utabiri wa Chembe za Jua na Uvumi wa "Leo Usiku": Tafakuri ya Mkazi wa Umoja

Lugha ya Kiswahili imelikabidhi jua kazi ya kuhesabu saa. Lichomozapo, hesabu huanza. Lituapo, huanza upya. Ndipo saa yetu moja ikawa si saa moja ya Mwingereza. Kwa hiyo jua katika fikra zetu ni kielelezo cha uaminifu: halichelewi, halighairi, wala halimshtukizi mtu. Makala haya yanahusu upande mwingine wa jua hilo hilo, upande usiokuwa na ratiba, na jinsi wanasayansi wanavyojitahidi kuutabiri. Aidha, yanahusu jinsi utabiri huo unavyotufikia, au unavyokosa kutufikia, sisi tuishio katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako habari za anga huletwa na simu ya mkononi kabla hazijaletwa na mtaalamu. Mimi si mwanafizikia. Ni mwanafunzi wa Kiswahili aishiye Umoja. Hata hivyo, yaliyotukia mwaka wa 2024 yalinishawishi kwamba suala hili linastahili nafasi katika jarida letu, kwa kuwa nusu yake ni suala la lugha.

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 ilikuwa siku ya mapumziko nchini Kenya. Serikali ilikuwa imeitenga ili wananchi wapande miti na kuwaomboleza waliofariki katika mafuriko ya masika, ambao idadi yao ilikuwa imepita 200. Wiki chache zilizotangulia, Mto Mathare ulikuwa umevunja kingo zake na kusomba makazi ya watu. Ufunguzi wa shule ulikuwa umeahirishwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi, dunia ilikumbwa na dhoruba ya sumaku iliyotoka juani, ya daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa katika mizani inayotumiwa na watabiri wa Marekani. Dhoruba ya daraja hilo haikuwa imeonekana tangu Oktoba 2003. Mianga ya rangi ilishuhudiwa angani hata Afrika Kusini. Kisha, Jumapili tarehe 12, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikawa nzito nchini Kenya, na nzito zaidi nchini Tanzania.

Matukio haya mawili hayakuhusiana. Waya uliokatika ni waya uliokatika, jua halikuukata. Lakini mwanadamu hupenda kuyaunganisha yanayofuatana, na aliyekwisha kusikia kwamba jua limechafuka, kisha akaona simu yake imezubaa, hahitaji mwalimu wa kumwambia kipi kimesababisha kipi.

Jioni ya Jumapili hiyo ujumbe ulianza kupita katika ploti yetu kutoka simu hadi simu. Ulidai kwamba leo usiku, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale hatari ya anga itapita karibu na dunia. Kwamba kila mtu azime simu na kuiweka mbali na mwili. Kwamba habari hizo zimetoka NASA na BBC. Na kwamba anayewapenda jamaa zake awasambazie. Msomaji wa makala haya huenda aliwahi kuupokea. Ni ujumbe mkongwe: umezunguka katika nchi nyingi za Afrika kwa miaka mingi, ukafa na kufufuka mara kadhaa, na maneno yake hayajabadilika sana.

Miongoni mwa walioutii ni mama mmoja auzaye mboga kwenye lango la ploti yetu. Binti yake ni mfanyakazi wa nyumbani katika nchi moja ya Ghuba, na mwajiri wake humruhusu kushika simu baada ya kazi tu, yaani kuanzia saa sita na nusu za usiku. Saa ambazo ujumbe ulizipiga marufuku ndizo saa pekee za mama na mwanawe kuzungumza. Mama aliizima simu, akaitia ndani ya sufuria, akaifunika, akaiweka sebuleni, naye akalala chumbani. Usiku wa pili alifanya vivyo hivyo, kwa kuwa ujumbe ulimfikia tena ukisema "leo". Alifanya hivyo usiku nne. Huko Ghuba, binti alikuwa ameona picha za mafuriko ya Nairobi. Alipiga simu usiku baada ya usiku bila kujibiwa. Siku ya tano aliiba dakika chache mchana akampigia muumini mwenzao wa kanisa, na swali lake la kwanza lilikuwa iwapo mwili wa mama yake umepatikana.

Jioni hiyo mama alinisubiri langoni. "Mwanangu," akaniambia, "wewe unasoma chuo kikuu. Hii miale ya jua ni ya kweli ama ni uongo?" Swali lilikuwa gumu kwa sababu jibu la haki lilikuwa ni yote mawili. Jua lilikuwa limechafuka kwelikweli. Ujumbe ulikuwa uongo mtupu. Kumwambia "ni uongo" kungemfanya asiamini tahadhari yoyote ya baadaye. Kumwambia "ni kweli" kungeirudisha simu ndani ya sufuria. Ilibidi nimweleze, tena kwa Kiswahili atakachokielewa mtu aliyechoka kutoka sokoni. Maelezo yafuatayo ni yale niliyompa, ila hapa nimeyaongezea nyama kwa ajili ya wasomi.

Jua likilipuka huweza kututumia wajumbe watatu. Wa kwanza ni mwanga, ambao husafiri kilomita milioni 150 kwa muda wa dakika nane na ushei. Wa tatu ni wingu kubwa la gesi yenye chaji za umeme, lililobeba sumaku yake. Hilo huchukua siku moja hadi tatu, na ndilo lililoleta dhoruba ya Mei 2024. Kati yao yupo mjumbe wa pili, naye ndiye kiini cha mjadala huu: chembe ndogo mno, hasa protoni na elektroni, zilizosukumwa kwa nguvu na mlipuko wenyewe au na wimbi la mshtuko linalolitangulia wingu. Chembe zenye kasi kubwa zaidi hufika katika muda usiozidi saa moja. Zile za polepole huendelea kumiminika kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa. Mmarekani Scott Forbush alizigundua alipoona vipimo vyake vya miale ya anga vikipanda ghafla mwaka wa 1942, na alichapisha ugunduzi huo mwaka wa 1946.

Je, chembe hizo huelekea wapi? Hapa ndipo ugumu wa utabiri ulipo. Mwaka wa 1958 Eugene Parker alieleza kwamba jua hupuliza upepo wa chembe daima dawamu, na kwamba upepo huo huvuta mistari ya sumaku ya jua hadi mbali. Kwa vile jua linajizungusha, mistari hiyo hupinda, mfano wa maji yatokayo katika mpira wa bustani unaozungushwa. Chembe yenye chaji haiwezi kukata mistari hiyo ovyo, huifuata. Abiria wa Buruburu ataelewa. Hapandi gari lolote liondokalo mjini. Hungoja namba 58. Gari la Kayole, hata likiendeshwa kwa kasi ya kutisha, halitamfikisha mlangoni pake. Vivyo hivyo, mlipuko mkubwa ukitokea mahali ambapo mistari yake haielekei duniani, chembe nyingi zitapita kando. Mistari inayotufikia sisi aghalabu huanzia upande wa magharibi wa uso wa jua. Kwa hiyo mtabiri hujiuliza maswali mawili: gari limeondoka? Na je, ni la njia yetu?

Alfajiri ya Jumamosi tarehe 11 Mei 2024 magari yote mawili, kama tutaendelea na mfano huo, yaliwiana. Saa kumi na dakika 23 kwa saa za Nairobi, mlipuko mkubwa ulifikia kilele katika kundi lile lile la madoa lililoleta dhoruba ya usiku. Kundi hilo lilikuwa limekwisha kusogea magharibi. Ilipofika karibu saa kumi na moja, vipimo vilivyoko karibu na ncha za dunia vilianza kuonyesha ongezeko la chembe. Lilikuwa tukio la 74 la aina yake kuhesabiwa tangu mwaka wa 1942, kwani si kila mara chembe za jua huwa na nguvu za kuhisiwa hadi ardhini. Saa hizo huku Umoja wauza mboga walikuwa njiani kwenda soko la Wakulima na Muthurwa, na hakuna hata mmoja aliyedhurika.

Hawakudhurika kwa sababu ya mahali walipo. Mnorwe Carl Størmer alitumia miaka mingi, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, kukokotoa njia za chembe zenye chaji zinapokutana na uga wa sumaku wa dunia. Matokeo yake yanaweza kuelezwa kwa nyumba ya kawaida ya mtaani. Karibu na ikweta mistari ya sumaku hulala sambamba na ardhi, mithili ya paa la mabati. Chembe itokayo juu hugonga paa hilo na kupindwa irudi ilikotoka. Kwenye ncha za dunia mistari hiyo husimama wima na kuzama ardhini, mithili ya mlizamu. Chembe ikiingia kwenye mlizamu huteremka nao. Ili protoni ipenye wima paa lililo juu ya Nairobi, inahitaji nishati inayozidi elektronivolti bilioni 10. Protoni nyingi za jua hazifikii hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Zaidi ya sumaku, juu yetu kuna hewa, ambayo ni blanketi la pili.

"Kwa hivyo nisizime?" mama akauliza. Nikamwambia asizime. Usiku huo simu haikuingia ndani ya sufuria, na saa saba kasorobo nilisikia kupitia ukutani sauti ya mtu anayecheka na kulia kwa pamoja.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba mambo haya hayatuhusu. Paa letu ni la mahali, si la taifa. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake ya Taifa-1 kwa roketi iliyoondoka California, nayo iliwekwa katika njia ipitayo karibu na ncha zote mbili. Chombo cha namna hiyo huondoka chini ya paa letu na kupita penye mlizamu mara nyingi kwa siku, na chembe moja yaweza kuvuruga kumbukumbu ya kompyuta yake. Kinyume chake ni historia ya Malindi. Kutoka jukwaa la San Marco, katika Ghuba ya Ungwana, setilaiti iliyochunguza miale ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilizunguka juu ya ikweta. Wanafalaki wa baadaye waliendelea kuichagua njia ya chini iliyo karibu na ikweta kwa baadhi ya darubini zao za angani, mojawapo ikiwa NuSTAR ya mwaka wa 2012 inayozungumza na kituo cha Malindi, kwa sababu huko chembe ni haba na vipimo havichafuki. Kinga aliyokuwa nayo mama mboga bila kujua, wengine wameigharamia mamilioni.

Tena wapo wanadamu waendao mahali pasipo na paa. Agosti 1972 jua lilimwaga chembe nyingi mno. Safari ya Apollo 16 ilikuwa imekwisha mwezi Aprili, na ya Apollo 17 ilikuwa ifanyike Desemba. Laiti wanaanga wangalikuwa wakitembea mwezini siku hizo, wangaliweza kuugua vibaya. Ndege zipitazo juu ya ncha ya kaskazini nazo hubadilishiwa njia chembe zinapozidi, kwa kuwa redio zake hukatika na mnururisho huongezeka.

Kwa watu hao dakika ni mali. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Wanasayansi nao wametafuta wingu la mvua hii. Wamelipata katika elektroni. Elektroni ni nyepesi, hivyo huitangulia protoni iliyo nzito. Chombo cha SOHO, kilichorushwa Desemba 1995 na kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua, hupima elektroni hizo. Zikipanda ghafla, mtabiri hupata dakika kadhaa, pengine hadi saa moja, kabla ya protoni kuwasili. Utabiri wa siku moja hadi tatu ni mgumu zaidi. Hutolewa kwa asilimia za uwezekano, kwani yapo milipuko makubwa yasiyoleta chembe, na zipo chembe zitokazo nyuma ya ukingo wa jua, mahali ambapo hakuna aliyeona mlipuko.

Hapo ndipo nusu ya pili ya suala inapoingia, nayo ni yetu sisi wa Kiswahili. Hebu tuuchanganue ule ujumbe kama matini. Wakati wake ni "leo". Neno hilo halina maana kamili nje ya muktadha wa msemaji; ni lazima tujue nani alisema, lini. Ujumbe usiokuwa na tarehe unaosema "leo" hauchakai: kila aupokeaye ndiye huufanya uwe wa leo yake. Hii ndiyo sababu mama alizima simu usiku nne kwa onyo moja. Pili, vitenzi vyake vyote vya taarifa vina kiambishi -ta-: miale itapita, simu zitaleta madhara. Hamna "huenda", hamna "yamkini". Tatu, madai yake hayana kipimo: hatari, lakini kiasi gani, na wapi? Nne, wenye mamlaka wametajwa kwa majina ya mashirika tu, bila mtu wala mahali pa kuhakikishia. Mwisho, unahitimisha kwa amri ya kusambaza, na kuipa amri hiyo sura ya upendo. Mtu hahitaji kujua protoni ni nini ili kuutilia shaka. Elimu ya pragmatiki ingemtosha.

Utabiri wa kweli hutumia sarufi tofauti. Hautasema "chembe zitafika" bali "huenda zikafika". Tofauti ya -ta- na huenda -ka- si pambo la mtindo. Ndiyo tofauti baina ya mtabiri na mwongo. Bahati mbaya, msamiati wetu wa kazi hii umebeba mizigo ya zamani. "Utabiri" una asili ya Kiarabu, na huko ulihusiana na kufasiri ndoto. "Kubashiri" nako kulitoka katika kuleta habari njema, na siku hizi, katika mitaa yetu ya Eastlands, kijana akisikia neno hilo huwaza mechi za Jumamosi na pesa alizoweka. "Uaguzi" tumemwachia mganga. Sipendekezi tuunde istilahi mpya. Zimekwisha kuundwa nyingi zinazolala kamusini. Napendekeza tulihifadhi neno "utabiri", ambalo tayari limezoeleka katika habari za hali ya hewa, ila tusilitumie kamwe bila vitu vinne: tarehe, mahali, kipimo na kiwango cha uwezekano.

Nimejaribu kuandika taarifa ya namna hiyo, nikiifuata mizani ya Marekani yenye madaraja matano, na ninaiweka hapa ili wahadhiri na wanafunzi wenzangu waikosoe. Tarehe nimeziacha wazi, kwa kuwa huu ni mfano tu:

"Kuanzia saa tisa usiku wa kuamkia tarehe fulani, kwa muda wa saa 24, kuna uwezekano wa asilimia 30 kwamba chembe za jua zitafikia daraja la kwanza. Wasimamizi wa setilaiti na ndege zipitazo karibu na ncha za dunia wachukue tahadhari. Wakazi wa maeneo ya ikweta, Kenya ikiwemo, hawana la kufanya. Simu zinaweza kutumika kama kawaida."

Msomaji makini ataona kwamba hata mimi nimeitumia -ta-, katika "zitafikia". Nimeiruhusu kwa sababu imetanguliwa na asilimia 30, lakini sina hakika kwamba msikilizaji wa redio, akiwa jikoni na mafuta yanachemka, ataisikia ile asilimia na kuisahau -ta-, au kinyume chake. Pengine "huenda zikafikia" ingekuwa salama zaidi, ingawa huenda nayo ingemfanya aone kwamba mtabiri hajui kazi yake. Nadhani jambo hilo halitaamuliwa kwa mabishano ya darasani. Taarifa mbili zisomwe kwa wauza mboga, makondakta na walinzi wa usiku, kisha waulizwe wameelewa nini. Utafiti huo hauhitaji darubini wala setilaiti; unahitaji daftari, nauli ya matatu na Kiswahili.